Sola yenye miiba na wavu wa ndege huoshwa kuanzia ukingoni

Mteja akishafungiwa miiba na wavu wa kuzuia ndege juu ya paa, hudhani kuosha sola kumekwisha. Kwangu mimi, paa la namna hiyo linataka mkono makini kuliko paa tupu, kwa kuwa uchafu uliokuwa umetapakaa sasa hujirundika ukingoni.

Wavu huzuia njiwa na shomoro wasijenge viota chini ya paneli, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Lakini majani, manyoya na vumbi jekundu la barabara za murram hunasa matunduni, hewa ikakosa pa kupita na paneli ikazidi joto. Paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25, na mabati ya Kampala saa saba mchana ni tanuri. Miiba nayo hukamata kavera, yaani mifuko ya plastiki, zinazopeperushwa na upepo.

Kavera ikilalia kioo, hasara yake ni kubwa kuliko ukubwa wake. Seli, vile vipande vinavyotoa umeme ndani ya paneli, zimeungwa kwa mfululizo. Paneli ya seli 60 kwa kawaida hugawanywa sehemu 3, kila sehemu na dayodi yake, kifaa kinachoupitisha umeme pembeni sehemu hiyo ikikwama, hivyo seli moja ikifunikwa kabisa, theluthi nzima huweza kutoka kazini. Ndiyo maana kinyesi cha kalooli, wale korongo wakubwa wa jalalani, hudhuru kuliko vumbi jembamba lililoenea kote. Seli iliyofunikwa hupata moto na mwishowe huweza kuungua.

Kwa hiyo kioo nakiacha mwisho. Napanda alfajiri kioo kikiwa baridi, barakoa usoni, nalowesha kinyesi kwanza. Kukikwangua kikavu kunarusha vumbi lenye vimelea vya kuvu vinavyoingia mapafuni, tena kunachubua kioo. Wakati kinalainika, natoa taka kwenye miiba kwa mkono wenye glavu. Brashi ukiipitisha hapo hunasa na kung'oa gundi inayoshika miiba. Kisha nafungua vibanio vya wavu upande wa chini na kuvuta majani kwa kijiti cha mbao. Nikiona nyaya zimechubuliwa na panya, maji yanasimama hapohapo. Kuzima inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani, hakuilazi paneli: jua likiwaka umeme unatoka, na paneli kadhaa zilizoungwa kwa mfululizo huweza kufikisha mamia ya volti.

Kioo chenyewe ni brashi laini, maji na sabuni kidogo, basi. Usikikanyage.

Huku kwetu karibu na ikweta mafundi wengine hulaza paneli bapa kabisa. Mimi nataka mteremko wa nyuzi 10 hadi 15, mvua iweze kusaidia kuosha. Hata hivyo tope hubaki kwenye fremu ya chini, na wavu ulioziba hulizidisha.

Kuhusu bundi wa plastiki wa kutishia ndege, ndege humzoea upesi. Grisi ya kufukuza ndege siitaki kabisa: hushika vumbi na kuchuruzikia kioo. Na anayetoboa fremu ili akaze miiba kwa skrubu anahatarisha dhamana ya paneli, vibanio vinatosha.

Nyumba nyingi hapa hukinga maji ya mvua. Kabla ya ndoo ya kwanza, chomoa bomba linaloingia kwenye tangi, na usilirudishe mpaka mvua kubwa iwe imesuuza mabati.