Wekundu sehemu za siri si lazima uwe ugonjwa wa zinaa

Ngozi ikiwa nyekundu asubuhi baada ya kujamiiana, wengi huamini wameshaambukizwa. Lakini maambukizi hayana kasi hiyo: malengelenge ya hepesi kwa kawaida huchukua siku 2 hadi 12 kujitokeza, kidonda cha kaswende wiki 3 hivi. Wekundu wa saa chache mara nyingi ni msuguano tu, hasa penye ukavu, au mzio wa kondomu au kilainishi. Kujisugua kwa sabuni kwa hofu ndiko huzidisha mambo. Maji matupu yanatosha. Muwasho wenye utando mweupe huenda ni fangasi. Ukiona vidonda au usaha, au mkojo ukiuma, nenda kapime. Na kama hamkutumia kinga, pima hata ngozi ikiwa safi. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72 baada ya tendo.