Anwani ya IP haina uraia: dhana potofu zinazowapotezea wiki watoa huduma wa intaneti

Simu niliyopigiwa mwezi uliopita ilikuwa ileile ambayo nimeshaipokea mara nyingi mno. Mtoa huduma mdogo wa intaneti kanunua fungu la anwani 1,024 za IP, namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni (wahandisi huliandika /22), kutoka kwa kampuni ya bara jingine. Kaligawa kwa wateja jioni, asubuhi malalamiko yakaanza. Ukurasa wa kutafutia unafunguka kwa lugha wasiyoijua. Benki inawazuia kuingia kwenye akaunti zao ikidhani wako ughaibuni. Filamu wanazozilipia kila mwezi zinasema hazipatikani katika nchi yao. Nikamuuliza amefanya nini hadi sasa.

"Injinia, nilishabadilisha nchi kwenye WHOIS. Wiki tatu sasa. Hao watu wa rejista wamelala?"

Rejista, yaani mashirika yanayogawa anwani na kutunza WHOIS, daftari la wazi la wenye anwani hizo, hawajalala. Kazi hiyo si yao. Na kwa sababu nimechoka kuirudia kwenye simu, naiandika hapa, nianze na dhana inayoniudhi kuliko zote.

"Rekebisha nchi kwenye rejista, dunia nzima itafuata"

Rejista za anwani duniani ni tano: AFRINIC, APNIC, ARIN, LACNIC na RIPE NCC. Kazi yao ni kuweka kumbukumbu ya nani kapewa namba zipi. Ndani ya kumbukumbu hiyo kuna sehemu ya nchi, na hapo ndipo watu wanapopotelea. Nyaraka za RIPE NCC wenyewe zinaeleza kwamba haikuwahi kufafanuliwa nchi hiyo inamaanisha nini, na kwamba haifai kutegemewa kuoanisha anwani na nchi. Inaweza kuwa nchi ilikosajiliwa kampuni, au yaliko makao makuu, au mahali alipokuwa amekaa yule aliyejaza fomu. Kampuni iliyosajiliwa Ufaransa inaweza kutumia fungu moja katika nchi kumi, na rejista haitaona kosa lolote.

Rudi nyuma zaidi, kwenye pakiti yenyewe, kile kipande cha data kinachosafiri mtandaoni. Itifaki ya IPv4, ya anwani zilizozoeleka, iliyoandikwa katika RFC 791 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) mwaka 1981, ina nafasi ya anwani ya anayetuma na anayepokea, na mambo mengine kadhaa ya usafirishaji. Nafasi ya mahali haimo. BGP nayo, inayotangaza njia za kufika kwenye fungu lako, hubeba orodha ya mitandao ya kupitia, haibebi jina la mji. Kwa hiyo hakuna mtu yeyote duniani mwenye daftari kuu la mahali zilipo anwani. Ukilitafuta ili ulisahihishe, hutalipata.

Kilichopo ni makisio, na kila mtu ana yake. Kati ya kampuni zinazotengeneza hifadhidata za mahali, MaxMind wana yao, IP2Location wana yao, vivyo hivyo IPinfo, DB-IP na Digital Element. Google nao wanajikisia wenyewe. Wote hao huchanganya dalili: kumbukumbu za rejista, majina ya ruta yenye vifupisho vya viwanja vya ndege, vipimo vya pingi (muda wa ujumbe mfupi kwenda na kurudi) kutoka seva zilizotawanyika, taarifa za mahali kutoka kwenye simu za watumiaji, na masahihisho wanayotumiwa. Mmoja huipa dalili hii uzito, mwingine ile. Ndiyo maana anwani moja inaweza kuwa katika nchi tatu kwa wakati mmoja, kutegemea unamuuliza nani.

Halafu kuna safu ya pili, ambayo wengi hawaifikirii kabisa. Benki ya wateja wako haimuulizi mtengenezaji wa hifadhidata kila mtu anapoingia. Mara nyingi imenunua faili, ikaliweka kwenye seva yake, na kulisasisha inapokumbuka. Unaweza kuwa umesahihishwa kwa mtengenezaji tangu zamani, na benki bado inasoma faili la mwaka jana. Kwa hiyo tovuti ikikosea, swali la kwanza kuwaandikia ni hili: mnatumia hifadhidata ya nani, na ni ya tarehe gani? Barua ya "tafadhali rekebisheni nchi yetu" huishia kwa mtu wa huduma kwa wateja anayekujibu ufute kashe ya kivinjari.

Na kumbuka umenunua nini. Akiba kuu ya IPv4 pale IANA, inayozigawia rejista, iliisha Februari 2011. Siku hizi anayehitaji anwani nyingi kwa kawaida hununua mtumba. Shati la mtumba unalifua ukalivaa, lakini anwani ya mtumba inakuja na historia ambayo huifui wewe: iko kwenye mamia ya mafaili ya watu wengine, ikiwa na nchi ya mwenyewe wa zamani.

Sasa dawa. Agosti 2020 ilitoka RFC 8805, inayoeleza faili la maandishi ambalo mwenye mtandao anatangaza mwenyewe mahali zinapotumika anwani zake. Tunaliita jiofidi. Ni CSV ya kawaida, maandishi yanayotenganishwa kwa mikato, mstari mmoja kwa kila fungu:

203.0.113.0/24,US,US-IL,Chicago,

Fungu, msimbo wa nchi, msimbo wa jimbo, mji, na nafasi ya mwisho ya msimbo wa posta ambayo siku hizi inaachwa wazi. Basi. Ukishaliweka kwenye seva yenye HTTPS, hapo ndipo rejista inapoingia kazini: kwenye kumbukumbu ya fungu lako unaongeza mstari wa `geofeed:` wenye kiungo cha faili. Rejista yako ikiwa haina sehemu hiyo, unaandika kwenye maelezo ya ziada neno `Geofeed`, G ikiwa kubwa, nafasi moja, kisha kiungo. Utaratibu huo uliwekwa na RFC 9092 mwaka 2021, na sasa umo katika RFC 9632 ya mwaka 2024. Kwa maneno mengine, huiambii rejista uko wapi. Unaiambia ielekeze watu kwenye faili ambako umesema uko wapi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyompotezea mteja wangu wiki tatu.

Mafaili ninayoletewa kukagua, makosa ni yaleyale. Uingereza imeandikwa UK ilhali msimbo wake wa ISO ni GB. Jimbo limeandikwa IL peke yake badala ya US-IL. Jina la mji limekuja na mkato ndani yake na kusukuma kila kitu kinachofuata. Mtu kaweka anwani za jirani yake, na msomaji makini hulazimika kuzitupa, kwa kuwa kiungo kinahesabika tu kwa anwani zilizo ndani ya fungu lililokitaja. Na lile baya kuliko yote: tovuti ya kampuni imejengwa upya, kiungo kimekufa, hakuna aliyegundua kwa mwaka mzima. Naomba sana, liweke faili hilo kwenye seva ambayo idara ya masoko haina ufunguo wake.

"Nimeweka jiofidi, kazi imekwisha"

Kusoma jiofidi ni hiari. Wengine huisoma upesi, wengine wakipenda, wengine mpaka uwape kiungo mkononi. Kwa hiyo baada ya kuitangaza, ingia kwenye fomu ya masahihisho ya kila mtengenezaji mkubwa, mmoja baada ya mwingine, na kwa Google tumia mlango wao wa watoa huduma. Inachosha. Ndiyo kazi yenyewe.

Wala usidhani watakuamini kwa neno tu. Wako wauza VPN (huduma ya kuonekana mtandaoni kwa anwani ya mahali pengine) wanaotangaza kwenye jiofidi zao nchi ambako hawana hata seva moja, na kwa ajili yao wakaguzi wamekuwa wakali kwa kila mtu. Wanapima. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Pingi ikienda na kurudi kwa milisekunde 4, aliyejibu hawezi kuwa mbali zaidi ya kilomita 400 na aliyeuliza, hata angeapa. Hesabu hiyo ni rafiki wa mkweli: chukua vipimo kutoka seva mbili tatu zilizo karibu nawe, viambatishe kwenye ombi lako, na hakikisha kuna kifaa ndani ya fungu kinachojibu pingi. Nimeona mitandao imezuia pingi zote kwa jina la usalama, kisha wenyewe wanalalamika kwamba hakuna anayejua walipo.

"Taja mji, taja kwa undani, ndivyo utakavyoaminika"

Hapana. Taja unachokijua. Kama wateja wako wa simu kutoka nchi nzima wanatokea kwenye geti moja, na CGNAT inawaficha mamia nyuma ya anwani moja, basi mji wa anwani hiyo haupo. Andika nchi, acha mji wazi. Jiofidi inaruhusu, na nchi iliyo sahihi ina faida kuliko mji wa kubuni.

Madhara ya kujifanya unajua yana mfano ambao kila mhandisi anayegusa kazi hii anapaswa kuusoma. MaxMind walihitaji mahali pa kuweka anwani walizojua tu kwamba ni za Marekani. Wakachukua kitovu cha nchi, wakachagua namba kamili za karibu yake: latitudo 38, longitudo -97. Nukta hiyo ikaangukia shamba la watu karibu na Potwin, Kansas. Habari ilipotoka mwaka 2016, anwani zaidi ya milioni 600 zilikuwa zimeelekezwa pale. Kwa miaka kadhaa familia isiyojua lolote ililetewa polisi, maafisa wa FBI, watu wa kodi, magari ya wagonjwa yaliyotumwa kumwokoa mtu aliyetaka kujiua. Kuna aliyeenda kuwatupia choo kilichovunjika njiani mwao. Ndipo nukta ikahamishiwa katikati ya ziwa, magharibi mwa Wichita.

Hifadhidata ilikuwa inasema "mahali fulani Marekani". Watu wakasoma "nyumba hii". Hifadhidata nyingi nzuri leo huambatisha eneo la makosa kwa kilomita, na karibu kila anayenionyesha ramani kwenye simu amelipuuza, anatazama nukta tu. Mtu akikuambia amejua nyumba ya tapeli kwa anwani ya IP, mzuie asiende.

"Filamu hazifunguki, maana yake nchi imekosewa"

Soma ujumbe wa kosa mpaka mwisho. Ukisema maudhui hayapo katika nchi yako, hilo ni tatizo la mahali. Ukisema unatumia VPN au proksi, nchi inaweza kuwa sahihi kabisa. Fungu lako limo kwenye orodha nyingine, ya anwani za vituo vya data na VPN, pengine kwa sababu mwenyewe wa zamani alikuwa mpangishaji wa seva. Jiofidi haigusi orodha hiyo. Unaandika ombi tofauti, ukieleza kwamba sasa ni anwani za majumbani. Afadhali uikague orodha hiyo kabla ya kulipa, wakati muuzaji bado anapokea simu zako.

"Zima ruta uwashe" na "badilisha DNS"

Ruta yako haina habari na nchi yako. Ukipewa anwani nyingine baada ya kuwasha unaweza kubahatika, na jirani akarithi tatizo lako. DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, inaweza kubadilisha seva unayoletewa picha na video, hivyo kasi ikabadilika. Anwani unayoonekana nayo inabaki ileile.

"Tumerekebisha IPv4, inatosha"

Juzi yule bwana wa /22 akapiga tena. Alikuwa ameshafanya yote: jiofidi ipo, kiungo kipo kwenye rejista, fomu zimetumwa. Kompyuta za ofisini kwake zilikuwa zinaonekana nchini mwao tangu wiki iliyotangulia. Simu za wateja bado. Nikamwomba afungue faili anisomee mstari kwa mstari. Akasoma minne, /24 baada ya /24 (kila moja robo ya fungu lake), akanyamaza.

"Ipo yoyote yenye nukta pacha?" nikamuuliza.

Hakuna. Nukta pacha ndiyo alama ya IPv6, kizazi kipya cha anwani. Simu za wateja wake zina IPv4 na IPv6, na kwa kawaida simu hutanguliza IPv6. Anwani zake za IPv6 alizipata rejista zikiwa mpya, hazijawahi kutumiwa na mtu, hivyo hakuona sababu ya kuzitangaza. Lakini kutokuwa na historia ndiko kulikompa mkisiaji uhuru: hifadhidata moja ilizihesabu kuwa za nchi ya kampuni inayombebea trafiki. Ofisini IPv6 ilikuwa haijawashwa, ndiyo maana kwake yote yalionekana shwari. Akaongeza mstari wa /32 yake tukiwa bado kwenye simu, nchi peke yake, mji wazi.