Je, wajua? Sahihi ya mbunge kwenye barua ya kale haimaanishi kwamba ndiye aliyeiandika

Chukua barua ya Uingereza ya mwaka 1821. Haina stempu, kwa sababu stempu zilikuwa bado hazijabuniwa. Juu kabisa pameandikwa kwa wino uliogeuka kahawia: London May twenty nine 1821. Chini yake kuna jina la mpokeaji na mji wake. Pembeni chini, kushoto, kuna sahihi, na karibu na anwani umegongwa muhuri mwekundu wenye taji na neno FREE. Mwenye sahihi alikuwa mbunge, na barua ilisafiri bure.

Wengi wanaoishika karatasi ya namna hii kwa mara ya kwanza hutamka papo hapo: hii ni barua ya mbunge huyo. Dhana hiyo imewaponza wanunuzi wengi, nayo inastahili kufafanuliwa taratibu. Sahihi ile ilikuwa nauli. Ukimkatia mpwa wako tiketi ya basi, jina la mlipaji litakuwa lako, lakini kitini atakaa mpwa. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Mbunge alilipa kwa jina lake, na ndani ya karatasi huenda alikuwamo mama anayemwandikia bintiye, au mfanyabiashara anayedai deni.

Ukitazama bei za posta utaelewa kwa nini watu waliisaka sana sahihi hiyo. Kwa viwango vya mwaka 1812, karatasi moja isiyozidi maili 15 ilitozwa peni 4, na karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh ilimgharimu mpokeaji zaidi ya shilingi 1. Ndiyo, mpokeaji, kwa kawaida yeye ndiye aliyelipa. Tena karatasi zilihesabiwa. Ukiongeza ya pili, malipo yanakuwa mara mbili, na bahasha yenyewe ilihesabiwa kuwa karatasi. Ndiyo maana barua nyingi za wakati ule ni karatasi moja iliyokunjwa na kubandikwa lakiri, anwani ikaandikwa mgongoni.

Mwenye rafiki bungeni aliepuka hesabu hiyo yote. Mbunge alichukua karatasi tupu, akaandika tarehe, anwani na jina lake, akampa rafiki. Rafiki akaifanya kifuniko, akatia barua yake ndani, akaweka lakiri. Kwa hiyo kwenye mzigo mmoja unakuta mikono miwili: wa nje ni wa mbunge, wa ndani ni wa mtu mwingine kabisa. Hilo si dosari wala dalili ya udanganyifu. Ni jambo la kawaida, na kwa mkusanyaji ndilo lenye utamu.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza: kuitupa barua yenye muhuri wa FREE kwa kuwa haina sahihi. Wabunge walikuwa na haki ya kupokea bure pia. Kama anwani inamtaja mbunge au lodi (mjumbe wa baraza la juu la bunge), sahihi haihitajiki kabisa.

Historia yenyewe haina mzunguko mrefu. Haki hii ilianza mwaka 1652, wakati Uingereza haina mfalme, ikaendelea baada ya ufalme kurudi, na ikafutwa tarehe 10 Januari 1840, siku ambayo nauli moja ya peni 1 ilianza kutumika nchi nzima. Stempu ya kwanza, Penny Black, ilianza kutumika rasmi tarehe 6 Mei mwaka huohuo. Kinachofaa kukaliwa kitako ni kile kimstari cha tarehe kilicho juu.

Mwanzoni sahihi peke yake ilitosha. Fikiria hundi iliyotiwa saini huku nafasi ya kiasi na ya jina vikiwa wazi. Anayeiokota anajaza apendavyo, na mwenye akaunti hana habari. Wabunge walisaini mafungu ya vifuniko vitupu wakavigawa, na posta ikawa inabeba mizigo isiyoilipa. Basi sheria ikaanza kuziba nafasi moja baada ya nyingine, kama benki ilivyofanya kwenye hundi.

Mwaka 1764 ilizibwa nafasi ya jina: anwani yote lazima iwe kwa mkono wa mbunge mwenyewe. Kughushi kukawa jinai, na adhabu yake kuhamishiwa ng'ambo miaka saba. Mwaka 1784 ilizibwa nafasi ya wakati: mbunge aandike mji wa posta na tarehe kamili. Siku iliandikwa kwa maneno, kwa sababu ileile inayotufanya tuandike kiasi cha hundi kwa maneno. Tarakimu 2 hugeuzwa kuwa 12 au 29 kwa kalamu moja, lakini neno two halikubali nyongeza bila kuonekana. Mwaka wenyewe mara nyingi utaukuta kwa tarakimu, na hilo lisikutie shaka. Kifuniko kilichosainiwa Jumatatu hakikufaa tena wiki ijayo.

Mwaka 1795 kufuli likakazwa zaidi. Uzito usizidi aunsi 1, yaani takriban gramu 28. Barua 10 tu za kutuma na 15 za kupokea kwa siku. Na mbunge mwenyewe awe ndani ya maili 20 kutoka mji wa posta uliotajwa, siku ya kutuma au siku iliyotangulia. Makarani walikagua. Iliyopita iligongwa FREE. Iliyozidi idadi ilitozwa, na baadhi zina muhuri wa Above Number. Barua hizo zilizokataliwa ni adimu kuliko zilizopita, na ukizipata usiziachie.

Kufuli hilo la posta ndilo kipimo cha mkusanyaji leo. Anza na tarehe ya mkono na tarehe ya muhuri: zikitofautiana kwa siku nyingi, simama hapo. Kisha linganisha herufi za tarehe, anwani na sahihi. Baada ya 1784 zote tatu zapaswa kuwa mkono mmoja, wino mmoja. Sahihi halisi juu ya anwani ya mkono mwingine maana yake karani aliandika kinyume cha sheria, au mtu ameongeza jina kubwa miaka mingi baadaye. Baada ya hapo angalia kama mtu huyo alikuwa bungeni siku hiyo. Kwa wa Baraza la Makabwela, haki ilihesabiwa wakati wa kikao pamoja na siku 40 kabla yake na siku 40 baada yake. Malodi husaini cheo tu, na cheo hurithiwa: jina lilelile laweza kuwa la baba, mwana au mjukuu, na tarehe pekee ndiyo itakayowatenganisha.

Inua karatasi mbele ya dirisha. Tangu 1794 viwanda vingi vya karatasi vya Uingereza viliweka mwaka kwenye alama ya maji. Ukisoma 1826 ndani ya karatasi yenye tarehe ya 1821, kazi imekwisha. Ikisomeka 1820 haijathibitisha kitu, kwa sababu karatasi ya kale tupu bado hupatikana. Hata kufanana kwa mwandiko kwenye maneno matatu ni kidokezo tu. Tafuta angalau sahihi tano za mtu huyo za miaka ya karibu kabla ya kutoa fedha nyingi.

Marekani walikuwa na desturi yao. Baraza la Bara (Continental Congress), bunge la mwanzo la Marekani, liliwapa wajumbe wake haki hiyo mwaka 1775, na mwandiko wake ni mfupi: neno Free, jina, na kwa mjumbe wa Kongresi herufi M.C. Abraham Lincoln aliitumia akiwa mjumbe kati ya 1847 na 1849. Martha Washington, baada ya kufiwa na George, alipewa haki hiyo kwa maisha yake yote kwa sheria ya mwaka 1800, akafariki 1802. Haki ilifutwa mwaka 1873 na baadaye ikarejeshwa kwa hatua. Leo sahihi hiyo huchapwa tu kwenye bahasha za Kongresi. Hatari ya upande huu ni makatibu waliosaini kwa niaba ya wakubwa, na mihuri yenye mfano wa sahihi. Lenzi ya kukuza mara 10 hukuonyesha: kalamu huacha mifereji miwili myembamba pale ilipokandamizwa, na wino hutuama mwisho wa mstari. Muhuri hauachi mifereji, na wino wake husukumwa kwenye kingo za herufi.

Utagundua pia kwamba kinachouzwa mara nyingi ni uso wa mbele tu. Wakusanyaji wa karne ya 19 walitaka majina, wakakata upande wenye sahihi, wakatupa vilivyobaki na kubandika majina kwa alfabeti kwenye albamu. Ni hasara isiyorudishika, na ndiyo sababu barua nzima ina thamani zaidi. Ukikuta uso umegandishwa na gundi, usiuloweke wala kuupitishia mvuke. Wino wa chuma huchuja na muhuri mwekundu hufifia. Uache kwenye ukurasa wake. Hifadhi kwenye mfuko wa poliesta au karatasi isiyo na asidi, kamwe si plastiki ya PVC wala laminesheni, na maelezo yaandike kwa penseli laini kwenye karatasi ya pembeni.

Ukibahatika kupata kifuniko ambacho barua yake bado imo ndani, kifungue kwa kufuata mikunjo ya zamani, juu ya meza tupu, bila kuvunja lakiri iliyosalia. Soma jina lililo mwisho wa barua, kisha geuza usome la nje. Yakitofautiana, hapo una watu wawili wa kuwatafuta.