Kafala haijafutwa kwa mfanyakazi wa nyumbani

Kila Saudia inapotangaza mageuzi ya sheria za wafanyakazi wa kigeni, simu yangu haitulii. Anayepiga ni dada aliyeko Riyadh au Dammam, au mama yake aliyeko Kisauni au Kilifi, na swali ni lilelile: wakili, kafala si imefutwa? Kafala ni ule mfumo unaomfunga mfanyakazi wa kigeni kwa mwajiri mmoja anayemdhamini, yaani kafili. Wameona video ya TikTok, au ujumbe umepita kwenye kundi la WhatsApp la familia. Wiki chache baadaye simu hulia tena. Safari hii dada ameshaondoka kwa mwajiri, iqama yake, yaani kibali chake cha kuishi nchini, ina ripoti ya utoro, na mshahara wa miezi mitano umebaki kwa kafili. Ninashughulikia kesi za kazi hapa Mombasa, na wengi wa wateja wangu ni wafanyakazi wa nyumbani walioko Ghuba. Haya ndiyo wanayoniambia, na huu ndio ukweli.

Dhana: kafala imefutwa, naweza kuhama nikitaka

Novemba 2020 Wizara ya Rasilimali Watu ya Saudia ilitangaza mpango wa kurekebisha soko la ajira, na mpango huo ukaanza kutumika tarehe 14 Machi 2021. Mfanyakazi wa kampuni aliyetimiza mwaka mmoja kwa mwajiri wake anaweza kuhamia kwingine bila kuomba ruhusa, mradi atoe notisi. Anaweza pia kujiombea mwenyewe viza ya kutoka na kurudi, au ya kuondoka moja kwa moja, kupitia Absher na Qiwa, huduma za serikali ya Saudia za mtandaoni. Ni mabadiliko makubwa. Mlinzi, fundi au mhudumu wa hoteli mwenye mkataba wa kampuni ana kila sababu ya kuyatumia.

Lakini mpango huo uliwaacha nje watu wa makundi matano: wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa familia, wakulima, wachungaji na watunza bustani. Tafadhali isome orodha hiyo mara ya pili. Hao dada zetu tunaowasindikiza uwanja wa ndege wakiwa wamevaa fulana za ajenti, wanakwenda kufanya kazi gani? Mageuzi yanayosifiwa kwenye video hayakuwagusa.

Mfanyakazi wa nyumbani ana kanuni zake peke yake. Za zamani zilitoka mwaka 2013, na mpya zikaanza kutumika Oktoba 2024. Kanuni mpya zinataka kazi isizidi saa 10 kwa siku, mapumziko yasipungue saa 8 mfululizo, na siku nzima ya kupumzika kila wiki. Mwajiri hana ruhusa ya kushika pasipoti. Hizo ni haki kamili na ninazitumia kila wiki. Ila hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba dada akichoka na nyumba anaweza kufunga begi akaenda kwa mwajiri mwingine. Kwa kawaida, kuhama kunataka kafili akubali na uhamisho upitie Musaned, jukwaa rasmi la mtandaoni la ajira za nyumbani.

Kuhama bila ridhaa yake kunawezekana, kwa sababu zilizotajwa na wizara: hujalipwa mshahara wa miezi mitatu, iwe mfululizo au kwa kurukaruka, kafili anakutuma ukafanye kazi kwa watu wengine, hakukutolea iqama au iliisha akaacha kuihuisha, amekuripoti kuwa umetoroka na wewe uko kazini, anakutesa. Na anayeamua kama sababu hiyo ipo ni wizara. Si wewe, si shoga yako wa nyumba ya pili, na wala si yule dalali anayekuahidi riyali 2,000 huko Jeddah.

Sasa tazama linalotokea ukitoka kwanza. Kafili anaingia kwenye simu yake na kutoa ripoti ya utoro, ile inayoitwa huruub. Kuanzia hapo wewe ndiye mwenye kosa kwenye kumbukumbu za serikali. Ukisimamishwa njiani, iqama haikusaidii tena. Unakuwa kemboi, yaani mtoro, kama wanavyoitwa kule, unafanya kazi ya kutwa kwa watu wanaojua vizuri kwamba wakikudhulumu hutaenda polisi. Ukiumwa unaogopa hospitali. Ukitaka kurudi nyumbani njia mara nyingi inapitia kizuizini. Na madai yako ya mshahara, yaliyokuwa na nguvu jana, leo yanajibiwa kwa neno moja: alitoroka.

Ukilalamika kwanza, mambo hugeuka. Malalamiko yana tarehe na nambari. Ripoti ya utoro ikija baada yake inaonekana kuwa ni kisasi, na ripoti ya uongo yenyewe ni sababu ya kukuruhusu uhame. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu kwa ukali, na wengine hununa: lalamika kwanza, toka baadaye. Piga 19911, simu ya wizara, au tumia Musaned. Mwandikie ubalozi wetu ulioko Riyadh. Mwandikie ajenti wako wa Kenya kwenye WhatsApp, kwa maandishi, maana simu ya mdomo haiachi alama. Kisha piga picha skrini ya kila kitu na uitume nyumbani siku hiyohiyo, kwa sababu simu yako inaweza kunyang'anywa kesho.

Mtu mmoja tu simwambii asubiri: anayepigwa, anayenyimwa chakula, anayeingiliwa chumbani usiku. Huyo atoke sasa hivi, aende polisi, ubalozini au sakan, yaani makazi ya muda ya wafanyakazi, na malalamiko yafunguliwe akiwa salama. Mshahara utadaiwa baadaye.

Tofauti ya kesi mbili za namna hii huwa ni ushahidi. Dada mmoja aliyenipa kazi rahisi alikuwa amepiga picha iqama yake mbele na nyuma juu ya meza ya jikoni, wiki ya kwanza kabisa, akamtumia kaka yake. Alihifadhi pia sauti za madam akimwambia mshahara ni mwezi ujao, inshallah, mwezi baada ya mwezi, tarehe zikionekana. Hakuhitaji shahidi mwingine. Mwenzake alifanya kazi karibu miaka miwili na hakujua jina kamili la kafili. Alimwita Baba Faisal, kama watoto wa jirani walivyomwita. Mtaa aliujua kwa msikiti na duka la mikate. Nianzie wapi na msikiti na duka la mikate katika jiji kama Riyadh?

Jambo la mshahara limeanza kuwa jepesi zaidi, na hili halisambazwi kwenye makundi. Tangu tarehe 1 Julai 2024 mikataba mipya ya kazi za nyumbani Saudia inataka mshahara upitie njia rasmi, benki au pochi ya simu, na utaratibu huo ukapanuliwa kwa hatua hadi kuwafikia waajiri wote kufikia Januari 2026. Anayekulipa noti mkononi ana sababu zake. Na kadi ya benki ikae kwako. Nimeona kesi ambapo mshahara uliingia vizuri kila mwezi, na madam ndiye aliyekuwa akiutoa.

Jingine, Ghuba si nchi moja. Qatar iliondoa sharti la barua ya ruhusa ya mwajiri mwaka 2020 hata kwa wafanyakazi wa nyumbani, na tangu Machi 2021 ina kima cha chini cha riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na chakula na malazi. Oman iliondoa barua hiyo Januari 2021, ila uhuru huo unakuja mkataba wako ukiisha au ukivunjwa. Imarati ina sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya 2022. Dada wa Doha akikupa ushauri na wewe uko Dammam, mshukuru, kisha uliza wanaojua sheria ya hapo ulipo.

Dhana: nikishapanda ndege, ajenti amemaliza kazi yake

Hii huwa inaenezwa na maajenti wenyewe, na inaniudhi karibu kama ile ya kwanza.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa kazi. Kama mwajiri haishi Kenya, lazima iwekwe dhamana kwamba mkataba utatekelezwa. Ajenti wake aliyeko hapa anaweza kutakiwa aiweke yeye, na akishaiweka anafungwa nayo yeye binafsi, hata akisema kwamba alikuwa anamwakilisha tu mtu wa Saudia. Kumshawishi mtu aende kufanya kazi nje bila mkataba wa namna hiyo ni kosa la jinai. Kwa hiyo ajenti anapokwambia mambo yako yazungumze na ofisi ya kule, mjibu kwamba unazungumza na mwenye dhamana.

Madai hayo yanaweza kuletwa kwenye Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hapahapa nchini. Muda wa kushtaki kwa kawaida ni miaka 3. Watu hurudi wakiwa wamevunjika moyo, wanakaa kimya, wanaolewa, wanafungua kibanda, kisha wanakuja ofisini kwangu mwaka wa nne. Siwezi kuurudisha mwaka wa nne.

Nina ombi moja kwa familia, na nitalirudia hata mkinichoka: kabla ya safari nunueni faili. Ndani yake muweke nakala ya mkataba yenye sahihi, risiti za kila shilingi aliyopewa ajenti, nambari ya leseni yake, nakala ya pasipoti na viza, jina kamili la mwajiri na simu yake. Faili likae kwa mama, lisikae kwa ajenti. Na leseni yenyewe ithibitishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi.

Dhana: pasipoti ni ya kafili mpaka mkataba uishe

Hapana. Ni mali ya serikali ya Kenya na wewe ndiye unayepaswa kukaa nayo. Akiwa nayo na akakataa kuitoa, ubalozi unaweza kukupa hati ya dharura ya kusafiria, kwa hiyo usikubali kufungiwa nchini kwa sababu ya kijitabu.

Dhana: nikivunja mkataba lazima nimrudishie kafili gharama zake zote

Gharama za kukuajiri ni za mwajiri. Kanuni za Saudia zinamkataza kukutoza wewe. Ukiacha kazi bila sababu halali baada ya miezi 3 ya majaribio, unaweza kubebeshwa tiketi ya kurudi, na hilo nakwambia wazi. Lakini tiketi ni kitu kimoja, na laki mbili au tatu ambazo maajenti huwadai wazazi ili binti aachiwe ni kitu kingine kabisa. Msilipe. Mwambieni aandike dai lake kwenye karatasi yenye muhuri wa ofisi. Wengi hunyamaza hapo.

Dhana: nikishatoroka, mshahara wa nyuma umepotea

Kuudai ni kugumu, kwa sababu nilizoeleza. Umepotea? La. Miezi uliyofanya kazi ni miezi uliyofanya kazi, na makosa ya viza hayaifuti. Wanaofikishwa sakan au kizuizini waseme madai yao kabla ya kusaini chochote. Karatasi ya Kiarabu usiyoielewa inaweza kuwa inasema kwamba umelipwa kila kitu. Omba mkalimani, au omba kumpigia mtu wa ubalozi.

Dhana: nenda na viza ya matembezi, utabadilishiwa huko huko

Anayekwambia hivyo anakupeleka mahali ambapo jina lako halimo Musaned, huna mkataba uliothibitishwa, na hakuna dhamana iliyowekwa. Njia hii ilishamiri hasa baada ya serikali kupiga marufuku safari za wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2014. Leseni za maajenti zilifutwa, ila watu waliendelea kusafiri, baadhi wakipitia nchi jirani, na walipopatwa na shida hakuna aliyejua wako wapi. Ndiyo sababu siungi mkono marufuku kila mara wabunge wanapoidai. Marufuku iliisha 2017 na njia ya viza ya matembezi bado inauzwa, kwa kawaida na mtu anayekuharakisha kwa kusema nafasi ni mbili tu zimebaki na ndege ni Ijumaa. Mtu akikwambia hivyo, muulize mkataba umethibitishwa na afisa gani wa kazi, na lini.