Je, wajua kwa nini bolti ya sampo hufa mapema, na koki ya kumwagia oili inasaidia wapi?

Pita kwenye gereji yoyote ya malori upande wa Kizota, hapa Dodoma, saa mbili asubuhi. Utakuta miguu ya mtu imechomoza chini ya Fuso. Fundi amelala juu ya katoni iliyolowa, spana mkononi, analegeza bolti ya sampo, lile bakuli la chuma linalobeba oili chini ya injini. Injini imezimwa sasa hivi, maana oili hutoka vizuri ikiwa bado ya moto. Bolti ikifika mizunguko ya mwisho anaishikilia kwa vidole, anaisukuma juu, halafu anaivuta kwa ghafla. Oili inamfuata. Inamwagikia kiganjani, inateremka mpaka kwenye kiwiko, bolti inamponyoka na kuzama ndani ya beseni, na utingo anaanza kutafuta kijiti cha kuivulia.

Baba yangu mdogo ana Fuso mbili zinazobeba mahindi ya Kibaigwa kupeleka Dar es Salaam. Mwezi uliopita alinipigia simu: "Mwanangu, nimeona watu wanafunga koki badala ya bolti ya sampo. Unageuza tu, oili inatoka. Na mimi nifunge, au ni mambo ya kuuziana vitu?" Kwenye simu nilimjibu kwa kifupi kwamba afunge, ila kwa masharti. Hapa namjibu kwa kirefu, pamoja na wengine wenye swali kama lake.

Kwanza, chombo chenyewe. Ni koki ndogo ya shaba inayokaa mahali pa bolti. Ndani yake kuna gololi yenye tundu katikati. Ukigeuza mkono wa koki robo mzunguko, tundu linaelekea chini na oili inashuka, ukirudisha, limefunga. Zile nzuri zina springi na kijishimo ambamo mkono hulala, kwa hiyo huwezi kuugeuza kabla hujaunyanyua. Kampuni ya Fumoto ya Japani inatengeneza koki za namna hii tangu miaka ya 1970. Ipo pia aina isiyo na mkono, kama zile za Stahlbus za Ujerumani: unaondoa kifuniko, unafunga mpira wenye kichwa chake maalumu, na kichwa hicho ndicho kinachosukuma springi na kufungua njia.

Wazo hili si geni kwa dereva wa lori. Kila asubuhi anavuta kijikoki chini ya mitungi ya upepo ili maji yatoke, na kwenye filta ya dizeli inayotenganisha maji kuna kingine. Hata ndege ndogo kama Cessna 172, nyingi zimefungwa koki ya kumwagia oili ya injini, na kwenye ndege hakuna anayefanya mchezo na oili.

Sasa nirudi kwenye bolti, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kutoka Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450, kwenda na kurudi 900. Lori likienda mara mbili kwa wiki, na servisi ikiwa kila kilomita 5,000, bolti ile ile itafunguliwa na kufungwa karibu mara 19 kwa mwaka. Tena mara nyingine na mikono tofauti: leo fundi wa Dodoma, safari ijayo kijana wa Morogoro mwenye haraka.

Ugonjwa huanzia kwenye washa. Kati ya kichwa cha bolti na sampo hukaa washa, yaani pete bapa, mara nyingi ya shaba nyekundu ambayo mafundi huiita kopa, au ya aluminiamu. Kazi yake ni kubonyea. Ukikaza, kopa laini inajaza mikwaruzo midogo ya pande zote mbili, na oili inakosa pa kupenya. Lakini kopa ikishabonyezwa mara moja inakuwa ngumu. Safari ya pili haibonyei kama mwanzo, kwa hiyo inavujisha tone. Fundi akiona tone, anakaza zaidi. Safari ya tatu anachomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa spana ili apate nguvu. Bolti ni chuma kigumu, ilhali sampo ni ya aluminiamu, au ni bati jembamba lenye nati iliyochomelewa kwa ndani. Hapo anayeumia ni sampo. Tredi, yaani meno ambayo bolti inazungukia, zinaanza kukatika, na ukichomoa bolti unaona vipande vya aluminiamu vimejiviringisha kwenye mifereji yake kama nyuzi za fedha.

Mafundi wazee wanaijua dawa ya washa. Wanaichoma kopa motoni mpaka iwe nyekundu, wanaiacha ipoe, inarudi kuwa laini. Nimeona ikifanywa, na kopa ndivyo ilivyo kweli, moto unailainisha. Washa ya aluminiamu usiijaribu hivyo, itayeyuka bila hata kukuonyesha wekundu.

Mwaka juzi moja ya Fuso za baba mdogo ilitoka servisi kwenye gereji moja ya barabarani, bolti ikiwa imekazwa kwa nguvu zote na kuzungushiwa utepe mweupe wa mafundi bomba. Ilipita Gairo na tani zake za mahindi, ikaanza kuteremka kuelekea Dumila, taa ya oili ikawaka. Dereva, Mungu ambariki, alizima injini pale pale na kuegesha. Bolti ilikuwa imening'inia kwa tredi mbili zilizobaki. Injini ilipona. Sampo haikupona, na mahindi yalilala njiani siku mbili.

Faida ya koki naiona hapo. Unaifunga mara moja, na washa mpya, kwa nguvu ya kawaida, na tredi za sampo hazitaguswa tena kwa miaka. Wengi wanaiuza kwa kusema inaokoa muda. Ukweli ni kwamba kwenye muda inaweza hata kukuchelewesha. Tundu la koki ni jembamba kuliko tundu la bolti, na wembamba huo unauma kuliko macho yanavyoona: tundu la milimita 16 likipungua kuwa la milimita 8, njia ya oili haibaki nusu, inakuwa robo. Fuso yenye oili nyingi itachukua muda mrefu kumaliza kutiririka. Ila hapo fundi hahitaji kulala chini akisubiri. Anafungua, mpira unapeleka oili kwenye dumu, yeye anakwenda kubadilisha filta au kupiga grisi.

Kuna hofu moja ninayoisikia sana, kwamba presha ya oili itaisukuma koki ifunguke. Wanaosema hivyo wanaifikiria ile presha inayoonekana kwenye dashibodi. Presha ile inazaliwa kwenye pampu na kuishi kwenye njia zinazokwenda kwenye beringi na kamshafti. Sampo ni mahali oili inaporudi kupumzika. Koki inabeba uzito wa oili iliyo juu yake tu, na kina cha sentimita 20 cha oili kinasukuma kwa kama robo ya PSI moja. Tairi la lori hilo hilo linajazwa PSI 100 na zaidi. Kinachoweza kuifungua koki ni mtetemo, jiwe au mkono wa mtu, na ndiyo maana kile kijishimo cha kulaza mkono ni muhimu mno.

Hapa sina budi kuwa mkali. Nimeona lori limefungwa koki ya maji, ile ya dukani ya mkono mwekundu, ambayo fundi ameilazimisha kuingia kwenye sampo. Msifanye hivyo. Bolti za sampo za malori mengi tuliyonayo hupimwa kwa milimita, kwa mfano M18 × 1.5, maana yake unene ni milimita 18 na kutoka jino moja hadi jingine ni milimita moja na nusu. Tredi zake ni za unene uleule mwanzo hadi mwisho, na kuziba ni kazi ya washa. Koki za maji hupimwa kwa inchi, na nyingi zina tredi zinazonenepa kadiri unavyoingiza, kwa sababu kule kwenye mabomba tredi zenyewe ndizo zinazoziba. Ukiilazimisha ndani ya sampo inakuwa kama kabari kwenye ukuni. Aluminiamu inapasuka, na huenda isipasuke siku hiyo, ikapasuka ukiwa na mzigo. Tena mkono wake hauna kizuizi: barabara yenye matuta inaweza kuuteremsha polepole bila mtu kujua. Kabla hujanunua koki, chukua bolti yako mwenyewe, ipimwe unene na hatua ya meno, ndipo ulipe.

Vipi kuhusu oili inayobaki? Shingo ya koki ikiingia ndani kuliko sakafu ya sampo, kuna oili ambayo haitatoka. Hesabu yake si ngumu. Sakafu ya sampo yenye sentimita 30 kwa 40, kila milimita moja ya kimo ni mililita 120. Shingo ikizidi milimita 3, umebakiza kama theluthi ya lita. Kwa gari dogo la lita 4 ningelalamika. Kwa lori kubwa linalobeba lita 30, ni karibu asilimia moja.

Hasara ninayoisikitikia kweli ni ya sumaku. Baadhi ya bolti za sampo zina kipande cha sumaku kwenye ncha, na fundi mzuri huifuta kwa kidole na kusoma. Unga mwororo wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole ni habari mbaya kutoka ndani ya injini. Ukifunga koki umeifunga barua hiyo. Kwa hiyo kila servisi ikatwe filta iliyotoka, karatasi yake ikunjuliwe juani na kuangaliwa vizuri. Ni dakika kumi za kazi. Kwa upande mwingine, koki inakuwezesha kuchota kikombe kimoja cha oili wakati wowote na kuiangalia, ukiona rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia.

Sharti la mwisho ni kimo, na kwa mkoa wetu hili ndilo la kuamua. Barabara ya lami kwenda Morogoro haina shida. Lakini mahindi hayaoti kwenye lami. Lori linaingia mashambani Kongwa na Kiteto, linapita kwenye visiki na mawe na makorongo yaliyokauka. Chukua kamba, ifunge chini kabisa ya ekseli ya mbele, ivute hadi chini ya difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, halafu lala uangalie. Koki ikiwa juu ya kamba na nafasi ya kutosha, jiwe lililopita chini ya ekseli halitaifikia. Ikigusa kamba au kuishinda, baki na bolti yako. Hata ikiwa juu, angalia inaelekea wapi: mkono ulioelekea mbele unaweza kunaswa na tawi la mgunga, ulioelekea nyuma una usalama zaidi. Funga na waya mwembamba juu ya mkono. Waya huo pia unamzuia mtu wa maegesho ya usiku, kwa sababu kugeuza koki ni rahisi kuliko kutafuta spana, na oili chafu ina wanunuzi wa kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Na hiyo oili chafu ndiyo sababu nyingine inayonifanya niipende koki yenye mpira. Dodoma hatuna mto wa kutunywesha mwaka mzima. Jiji linategemea sana maji ya visima vya bonde la Makutupora, yaani maji yaliyo chini ya udongo huu huu tunaomwagia oili. Angalia ardhi ya gereji zetu ilivyo nyeusi na ngumu kama lami. Oili iliyotumika imebeba masizi, vyuma na kemikali za moto wa injini, baadhi zinazosababisha saratani, na mafundi wetu wanaioga mikono mitupu wiki nzima. Oili ikitoka kwenye koki kwa mpira hadi mdomoni mwa dumu, haigusi mkono wala mchanga.

Baba mdogo amepima kwa kamba. Fuso moja imefaulu, koki imefungwa, na baada ya kuwasha injini dakika kumi tulifuta shingo yake kwa kitambaa cheupe, kikatoka kikavu. Ya pili sampo yake imekaa chini mno, kwa hiyo imebaki na bolti. Kwa hiyo ya pili tumenunua washa 20 za kopa, tukaziweka kwenye kopo la maziwa nyuma ya kiti cha dereva, moja kwa kila servisi, na dereva ameambiwa aitoe mwenyewe kabla fundi hajashika spana.