Je, wajua kwa nini masikio huvuma baada ya makelele, kisha yakatulia?

Ukikaa karibu na bafle (spika kubwa) kwenye sherehe ya Kamalondo, Lubumbashi, unarudi nyumbani sauti za watu zimefifia na mluzi mwembamba unalia sikioni. Keshokutwa kimya. Wengi husema limepona. Limepona nusunusu.

Ndani ya sikio mna koklea, mfereji uliojipinda kama gamba la konokono, wenye majimaji na seli za kusikia zipatazo 15,000. Kila seli ina kishungi cha vinyweleo. Sauti ikivitikisa, neva hupata habari. Makelele marefu huvilegeza vinyweleo, na miisho ya neva huvimba kwa kuzidiwa na glutamati, kemikali inayopeleka habari kutoka seli hadi neva. Hayo hurekebika, mara nyingi kati ya saa 16 na 48. Mluzi nao hudhaniwa hutokea kwa sababu ubongo, ukiletewa sauti kidogo, huongeza nguvu ya kusikiliza.

Seli iliyokufa haioti tena. Kuku huotesha mpya, binadamu hapana. Tena mwaka 2009 Kujawa na Liberman, watafiti wa Marekani, waligundua kwamba panya anaweza kurudia kipimo chake cha kawaida cha kusikia huku maungio mengi kati ya seli na neva yameshapotea kabisa.

Msaga mahindi ya bukari (ugali) atakuambia ameizoea mashine. Sikio halikomai! Kuna kamsuli kanakokaza mifupa ya sikio kelele ikizidi, lakini huchelewa na huchoka. Mara nyingi kilichozoea ni ubongo, au sauti nyembamba, za karibu hezi 4,000, zimeshaondoka: mtu anasikia unaongea, ila "s" na "f" zinampita.

Desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, zikiwa 85 huvumilika saa 8 kwa siku. Kila 3 zikiongezeka, muda unakatika nusu. Kwenye 100 ni dakika 15 tu. Huna kipimo? Ukilazimika kumpigia kelele mtu aliye hatua moja, umeshavuka 85. Pamba ya kawaida husaidia kidogo mno. Kizibo cha sponji kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa upande wa pili, kiingize, kishikilie sekunde 30 kivimbe. Kikichomoza nje, hakijaingia.

Mluzi ukipita siku mbili, nenda kwa daktari wa masikio. Sikio moja likiacha kusikia ghafla usingoje hata kesho: dawa za steroidi hufaa zaidi siku za kwanza, na baada ya wiki mbili faida yake ni ndogo.