Kampuni ni nani?

Wiki hii pekee wamenijia wanne. Nakaa kwenye kompyuta katika saiba moja ya Langoni, hapa Lamu, nawajazia watu fomu za eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na wote wanne waliingia na maneno yale yale: "Nataka kufungua kampuni." Watatu walikuwa wakitaka kitu kingine. Wa nne, ami wangu kwa umri, alisema kampuni anayo tayari, anataka tu kuiongezea mkurugenzi. Akatoa simu, akanionesha picha ya cheti alichokitia fremu na kukitundika juu ya rafu za nyavu dukani kwake. Nambari ya cheti ilianza na herufi BN.

BN ni jina la biashara. Kampuni binafsi inayosajiliwa siku hizi nambari yake huanza na PVT.

Maana yenyewe ni fupi. Kampuni ni mtu mbele ya sheria: humiliki mali kwa jina lake, hukopa, hushtaki na kushtakiwa, na walioianzisha huwa na hisa ndani yake. Jina la biashara ni jina tu. Nyuma yake yuko mtu yule yule mwenye kitambulisho kile kile, na deni la duka ni deni lake. Leseni ya kaunti ni jambo la tatu kabisa. Hiyo ni ruhusa ya kufanya biashara mahali fulani, na unaweza kuilipia mwaka hadi mwaka bila kuwa na kampuni.

Nadhani kosa limeanzia kwenye neno. "Kampuni" tumelitoa kwa Waingereza, nao walilitoa kwa Wafaransa, na mzizi wake ni wa Kilatini: cum, yaani pamoja, na panis, yaani mkate. Ni watu wanaokula mkate mmoja. Neno letu la zamani zaidi, "shirika", limetoka kwenye Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa kushiriki, ushirika na hata shirki, yaani kumshirikisha Mungu. "Ubia" nalo ni kuchangia. Maneno yote matatu yanakuonesha watu wameizunguka sinia moja, na ndiyo maana wengi huipima kampuni kwa idadi ya mikono iliyomo. Mtu akiwa peke yake husema ana biashara ndogo. Wakiwa watano husema wana kampuni.

Kipimo hicho kinapotosha. Ndugu watano wa Matondoni wakichanga wakaunda jahazi, kisha wakasajili jina la biashara, hao ni wabia. Shehena ya saruji ikilowa njiani, mwenye saruji anaweza kumfuata yeyote kati yao hadi mlangoni kwake. Na mama mmoja wa Shela anayekodisha nyumba kwa wageni anaweza kuwa na kampuni kamili akiwa mwanahisa peke yake na mkurugenzi peke yake. Sheria ya zamani ya makampuni ya Kenya, Sura ya 486, ilitaka watu wasiopungua wawili. Sheria ya Makampuni ya 2015 ndiyo iliyomruhusu mmoja.

Jambo hili lilikwisha kuamuliwa zamani. Aron Salomon, mshona viatu wa London, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ya wakati ule ilitaka watu saba, basi mkewe na watoto watano wakapewa hisa moja moja, yeye akabaki na 20,001. Kampuni ilipoanguka, wadai walisema hapa hakuna kampuni, kuna Salomon tu. Mwaka 1897 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba kampuni ni mtu mwingine, na madeni yake si ya Salomon. Mahakama za Kenya husimama juu ya msingi huo huo.

Kwetu sisi tuliosoma chuoni, yaani madrasa, njia nyepesi ya kulielewa ni neno "dhima". Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, dhima ni pale deni linapokaa kwa mtu. Halikai mfukoni mwake wala dukani, linakaa dhimani, na akifa hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Mwenye BN ana dhima moja tu, yake mwenyewe. Mwenye PVT amesajili mtu wa pili mwenye dhima yake. Neno "Limited" mwishoni mwa jina linasema hilo: dhima ya wanahisa ina mpaka. Wengi hulisoma kana kwamba linataja ukubwa, na nimewahi kuombwa nilitie kwenye jina la biashara "lipate uzito". Haliruhusiwi huko. (Mkopo wa benki ni habari nyingine. Benki nyingi humtaka mkurugenzi atie saini ya kudhamini yeye binafsi, na akishatia, mpaka ule kwa deni hilo ameuvuka mwenyewe.)

Kinachonikera kuliko yote ni mirathi. Warithi hukaa miezi wakigombania boti iliyoandikwa kwa jina la kampuni, kila mmoja akitaka sehemu yake ya boti. Marehemu hakuacha boti. Aliacha hisa, na hizo ndizo za kugawanywa. Na pale alipoacha BN, wengine hungoja "kampuni iendelee", ilhali mwenye jina ameshazikwa na mali yote iliyobaki ni tirka, yaani mali ya urithi.

Basi nilimwambia yule mzee: "Ami, cheti chako ni sahihi, na kwa duka la nyavu na ndoana kinatosha. Ila hiyo ni biashara yako, ni wewe mwenyewe kwa jina la duka. Haina mkurugenzi, ndiyo maana siwezi kumuongeza." Akauliza kama apange kubadilisha. Nikamwambia akae na wanawe kwanza, na wakiamua PVT aje na kitambulisho, PIN ya KRA (nambari yake ya kodi), picha ndogo, na majina matatu aliyoyapenda, maana la kwanza huenda limeshachukuliwa.